Kufumba Jicho si Kulitoboa

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo, zikitiwa katika mizani moja, huonekana kama zinagombana. Ya kwanza husema: Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Ya pili husema: Mwacha mila ni mtumwa. Ya kwanza humwamuru mgeni afanane na wenyeji wake. Ya pili humwonya kwamba akifanana nao kupita kiasi atapoteza uungwana wake. Mimi nilizisikia zote mbili nikali mtoto. Nikaitii moja, nikaidharau ya pili, na gharama ya kosa hilo ililipwa kwa afya yangu na kwa mali ya mama yangu. Nataka kukusimulia habari hiyo, msomaji wangu kijana, si kwa sababu ni ya ajabu, bali kwa sababu si ya ajabu hata kidogo. Yaliyonipata mimi huwapata watoto wengi wa wahamiaji katika kila nchi, na pengine yamempata tayari yule akaaye nawe katika dawati moja.

Nilizaliwa Barawa mwaka 1982. Barawa ni mji wa kale katika pwani ya Somalia, kusini ya Mogadishu. Wenyeji wake wa asili husema lugha iitwayo Chimwini, ambayo ni ndugu wa Kiswahili kama vile mkono wa kushoto ulivyo ndugu wa mkono wa kulia. Wewe husema kisu. Sisi husema chisu. Katika lugha hiyo ziko tenzi za dini na za mawaidha, na mmoja wa watunzi wake walio mashuhuri alikuwa mwanamke, Dada Masiti, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 20. Nayataja haya ili ujue kuwa sikutoka katika jangwa la adabu. Nilipofika Kenya sikuwa na viatu, lakini nilikuwa na lugha, na ukoo, na desturi njema.

Mwezi wa Januari 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Watu wa Barawa hawakuwa na jeshi la kuwatetea, na mji wao ukaporwa na makundi yaliyopita kwenda na kurudi. Waliopata nauli walipanda vyombo wakaelekea kusini, Lamu na Malindi na Mombasa. Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki kabla ya vita. Mama alitupakia chomboni mimi na mdogo wangu, ambaye alikuwa mtoto wa miaka minne, pamoja na ami yangu na binti yake. Mama alipata bangili sita za dhahabu siku ya arusi yake. Tano zilikwisha njiani, nyingine kwa nauli, nyingine kwa watu wenye bunduki. Tulipoiona Mombasa, mkononi mwake ilikuwa imebaki moja.

Miezi ya kwanza tulikaa katika kambi ya wakimbizi nje ya mji. Kisha ami akapata chumba katika Mji wa Kale, nasi tukapata kingine karibu naye. Mama akawa akipika sambusa na kuziuza. Mimi nikatiwa shule.

Siku moja mwalimu alituonyesha picha za vyombo vya nyumbani, akaninyoshea kidole nitaje kimojawapo. Nikasimama nikasema kwa sauti kuu, "Chisu!" Darasa zima likacheka. Hata mwalimu alitabasamu, ijapokuwa hakukusudia ubaya. Tangu siku hiyo sikuwa na jina jingine. Nilikuwa Chisu darasani, Chisu uwanjani, Chisu njiani. Labda utasema kwamba ni mzaha mdogo, na kwamba mtoto apaswa kuvumilia. Ni kweli kwamba mzaha ni mdogo siku ya kwanza. Lakini jaribu kuubeba kila siku kwa miaka sita, kisha uniambie uzito wake.

Basi nikaamua kulifumba jicho langu. Nilijifunza Kimvita kwa bidii hata mgeni asingeweza kunitambua. Hilo lilikuwa jema. Lakini sikuishia hapo. Mama aliponisemesha Chimwini mbele ya watu, nilijifanya sikusikia. Alipoleta chakula shuleni akiwa amevaa mavazi ya kwetu, nilimwambia asije tena. Watu wa Barawa walipokutana kwa maulidi, nilisema kichwa chaniuma. Nilidhani nafumba jicho. Kumbe nilikuwa nimekwisha kushika msumari, nataka kulitoboa.

Mwaka 1997 niliingia shule ya sekondari. Karibu na mtaa wetu palikuwa na ukuta ambapo vijana walikusanyika jioni, wakavuta sigara na kutafuna miraa. Nilipita hapo mara nyingi nikiwa nimeinamisha kichwa. Jioni moja mmoja wao alinitolea sigara. Nikaipokea. Moshi ulinikohoza hata machozi yakanitoka, nao wakacheka; lakini kicheko chao hakikuwa kile cha darasani. Yule aliyenipa sigara akanipiga bega, akaniita kwa jina langu, lile nililopewa na baba. Yalikuwa yamepita miaka sita tangu mtoto wa mtaa huo aniite kwa jina hilo.

Nakuomba uangalie sana jambo hili, kwa kuwa wakubwa wengi hawalijui. Hutudhania kwamba kijana huvuta sigara kwa kuwa apenda moshi, au kwamba hutafuna miraa kwa kuwa ni mtundu. Mimi sikupenda moshi, na miraa niliiona chungu. Nilichokipenda ni kuitwa kwa jina langu. Sigara ilikuwa nauli tu ya kunifikisha hapo, nami nikailipa bila ya kuuliza bei yake.

Bei yenyewe niliijua baadaye. Miraa ina kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huuchangamsha mwili kwa nguvu. Hupungua haraka jani linapokauka, na ndiyo sababu wauzaji hulifunga katika majani ya mgomba na kulikimbiza sokoni likali bichi. Mtafunaji hujiona mwerevu, msemaji, asiyechoka; moyo wake huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, njaa humtoka na usingizi humkimbia. Kisha yale yote hugeuka. Uchangamfu huwa unyonge, na usemaji huwa hasira. Sigara nayo ina nikotini, na ubongo wa kijana, ambao haujakomaa mpaka umri wa miaka ishirini na kitu, hunaswa nayo upesi kuliko ubongo wa mtu mzima. Kwa hiyo mambo mawili yalinishika kwa pamoja: ukuta wa jioni ulinipa jina, na vitu vya ukutani vikanipa kiu isiyokwisha.

Kufikia mwaka 1998, nilipokuwa kidato cha pili, nilikuwa nimekonda. Nililala alfajiri, nikasinzia darasani. Nilikohoa usiku kucha, na moyo ulinipiga kifuani kama ngoma. Mama alitishika. Alikuwa amekwisha kuwazika mume na wazazi, naye hakutaka kuzika mtoto. Asubuhi moja alinishika mkono akanipeleka hospitali.

Mama alijua Kiswahili cha kununua samaki na cha kujibu salamu. Hakuwa na Kiswahili cha hospitali, na Kiingereza hakukijua kabisa. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka, na nje ya mlango wake foleni ilikuwa ndefu. Alinipima, akanusa vidole vyangu, akatazama meno yangu. Alijua mara moja. Akasema nami kwa Kiingereza: "Wewe wavuta sigara na watafuna miraa. Ndiyo maana huli wala hulali, na moyo wako waenda mbio. Usipoacha, mapafu yako yataharibika na masomo yako yatapotea. Mwambie mama yako niliyoyasema."

Mama akanigeukia, akauliza kwa Chimwini, "Asemaje?"

Msomaji, katika maisha yangu nimewahi kusema uongo mara nyingi, kama wewe na kama watu wote. Lakini hakuna ulio mzito kuliko niliousema katika chumba kile. Nilikuwa ulimi wa daktari na masikio ya mama yangu. Kila mmoja wao aliniamini kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwamini. Nikamwambia mama, "Asema damu yangu imepungua. Nile nyama, ninywe maziwa, na nisiamshwe mapema." Mama akamgeukia daktari, akaweka mkono kifuani, akamshukuru kwa maneno mengi. Daktari akadhani anashukuru kwa kuonywa, naye akafurahi.

Juma lililofuata nyama ilipatikana nyumbani kwetu, na maziwa kila asubuhi. Sikuuliza fedha zilitoka wapi. Nilikula nyama ile, nikaenda ukutani. Siku ya nne au ya tano mama aliponyosha mkono kunipa kikombe, niliona mkono wake ni mtupu. Ile bangili ya sita haikuwapo.

Ningependa kukuambia kwamba nilianguka miguuni pake pale pale nikatubu. Sikufanya hivyo. Nilichukua kikombe nikanywa. Aibu kubwa haimfanyi mtu kusema. Aghalabu humfanya anyamaze zaidi. Jioni ile nilitafuna miraa maradufu ili nisiuone ule mkono mtupu.

Aliyeniamsha alikuwa mdogo wangu. Alikuwa na miaka 11. Siku moja nilipita uchochoroni nyuma ya nyumba yetu nikamkuta amechutama, ameshika kipande cha sigara nilichokitupa mimi. Alikishika kwa vidole viwili kama nilivyoshika mimi, akatema mate kama nilivyotema mimi. Nilimnyang'anya, nikainua mkono nimpige. Hakukimbia. Akasema, "Wananicheka, kaka. Nataka waache, kama walivyokuacha wewe."

Mkono wangu ukashuka wenyewe. Nilimtazama nikaona kwamba mimi ndimi niliyekuwa ukuta wake.

Usiku ule nilimweleza mama yote: ukuta, sigara, miraa, na maneno ya daktari. Nilieleza kwa Chimwini, na mara kwa mara nilitafuta neno nikalikosa, kwa kuwa nilikuwa nimeiacha lugha hiyo muda mrefu. Nilingoja anipige au alie. Hakufanya lo lote kati ya hayo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Rudia maneno ya daktari, neno kwa neno." Nikayarudia. Akasema, "Kesho nitakwenda kuyasikia mwenyewe."

Akaenda. Alifuatana na jirani yetu, bibi wa Kimvita aliyekuwa mwuguzi zamani. Aliporudi hakuniambia alichoambiwa. Aliniambia jambo jingine: "Tangu leo, mwanangu, asinisemee mtu." Akawa akienda kila alasiri sebuleni kwa bibi yule kujifunza Kiswahili cha mjini, na mwaka uliofuata akajiunga na darasa la ngumbaru akajifunza kusoma na kuandika. Wakati ule niliona amenihukumu. Baadaye nilitambua kwamba alikuwa amenifungua. Kwa miaka saba mtoto nilikuwa nimebeba mzigo wa mtu mzima, wa kuwa mdomo wa nyumba nzima, naye aliutua begani mwangu.

Kuacha kwenyewe hakukuwa kazi ya siku moja, wala nisikudanganye. Nilirudi ukutani mara mbili. Niliumwa na kichwa, nikawa mkali kwa kila mtu, nikalala mchana kama mgonjwa. Nilirudia kidato cha pili. Aliyenisaidia zaidi ni yule binti ami yangu tuliyesafiri naye chombo kimoja. Yeye alifika Mombasa siku moja nami, akachekwa kama mimi, na kwa hiyo nilitamani kujua kwa nini hakuharibika kama mimi. Nyumbani alisema Chimwini. Shuleni alisema Kiswahili safi na Kiingereza. Alishona nguo za Kibarawa na kuzivaa kwenye maulidi, na alikuwa nahodha wa mpira wa wavu katika shule yake. Wasichana walipomcheka kwa tamshi lake, aliwafundisha maneno kumi ya Chimwini na kuwapa mtihani. Nilipomwuliza siri yake alishangaa. Akasema, "Siri gani? Kwani mtu akijenga nyumba ya pili, lazima aichome ya kwanza?"

Nilipokuwa mtu mzima nikasoma vitabu, nilikuta kwamba wataalamu wamelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi. Mwanazuoni wa Kanada, John Berry, alieleza njia nne zilizo mbele ya mtu aliyehamia kwa watu wengine. Ya kwanza ni kushika mila yake na kujifunza ya wenyeji pia. Ya pili ni kuitupa yake na kumezwa na ya wenyeji. Ya tatu ni kujifungia katika yake na kuwaepuka wenyeji. Ya nne ni kukosa zote mbili. Mwaka 2006 yeye na wenziwe walichapisha uchunguzi wa vijana wa jamaa za wahamiaji zaidi ya 5,000 katika nchi 13, wakaona kwamba kwa jumla walioshika njia ya kwanza walikuwa na nafsi tulivu zaidi na mwendo mzuri zaidi shuleni. Niliposoma maneno hayo niliiona jamaa yangu imeandikwa humo. Binti ami ndiye wa njia ya kwanza. Mimi nilikuwa wa njia ya pili, nami nakushuhudia kwamba mlango wa njia hiyo hufunguka katika njia ya nne: nilikuwa nimemkimbia mama, na ukutani sikuwa mwenyeji bali mlipa nauli.

Wachunguzi wa Marekani nao waliona jambo lililowashangaza. Wahamiaji waliofika karibuni, ijapokuwa wengi wao ni maskini, aghalabu huvuta sigara kidogo na kunywa pombe kidogo kuliko wenyeji. Lakini miaka ikipita, na hasa katika watoto wao waliozaliwa huko, tofauti hiyo hupungua, na pengine hutoweka. Si sawa kwa kila taifa wala kwa kila tabia. Walakini imeonekana mara nyingi. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba ugeni wenyewe si ugonjwa. Mtoto wa mhamiaji hufika akiwa na ngao: wazee wanaomwuliza alikokuwa, chakula cha pamoja, ibada, na haya mbele ya ukoo. Hudhurika pale anapoitupa ngao ile ili mikono yake iwe mitupu kama ya wenziwe.

Tena liko jambo la pengo ndani ya nyumba. Mtoto hujifunza lugha ya nchi mpya kwa mwaka mmoja; mzazi huichukua kwa miaka kumi. Punde mtoto ndiye asomaye barua ya shule, ndiye aongeaye na mwenye nyumba, ndiye aendaye na mama hospitali. Mamlaka ya nyumba huhama kimya kimya kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mzazi hawezi kumwonya mtoto juu ya dunia asiyoijua, na mtoto hawezi kumwogopa mzazi anayemtegemea kwa kila neno. Ndipo ukuta wa jioni upatapo nafasi.

Basi ngao ni nini? Mwaka 1997 yalichapishwa Marekani matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 12,000. Ilionekana kwamba vijana waliojiona wako karibu na wazazi wao, na waliojiona ni wa shule yao hasa, walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kuingia katika sigara, pombe, bangi na ugomvi. Si utajiri uliowakinga, bali kujiona ni wa mahali na wa watu. Nami nakubali. Laiti shule yangu ingalikuwa na mtu mmoja tu wa kuniita kwa jina langu, nisingalikwenda kulinunua ukutani.

Labda wewe unayesoma si mtoto wa mkimbizi. Lakini tazama nchi yetu. Kambi za Dadaab zilianza kufunguliwa mwaka 1991 na Kakuma mwaka 1992, na vijana waliozaliwa humo leo wana watoto wao wenyewe. Eastleigh na mitaa mingine ya Nairobi imejaa wanafunzi ambao wazazi wao walizaliwa Somalia, Sudan Kusini, Ethiopia, Kongo, Rwanda na Burundi. Nao Wakenya wamehamia Uingereza na Marekani, na huko watoto wao huchekwa kwa matamshi yao kama mimi nilivyochekwa. Hata kijana wa Turkana aliyepata nafasi katika shule ya bweni ya mbali, au msichana wa kijijini aliyekuja kusoma mjini, ni mhamiaji kwa kiasi chake. Kila mmoja wao hufika mahali pa wenye chongo.

Na kuta hazikwisha, ila zimebadilika sura. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 hukataza kuuza tumbaku kwa aliye chini ya umri wa miaka 18, na sheria ya mwaka 2010 hukataza kumwuzia pombe. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilitangaza kuizuia muguka, na mahakama ikaisimamisha amri hiyo. Sheria ni ua mzuri, lakini ua una matundu, na kijana atafutaye kukubaliwa ni mwembamba sana, hupenya.

Kwa hiyo nina maneno mawili tu ya kukuachia. Ukiwa mgeni, fumba jicho, usilitoboe. Jifunze lugha ya wenyeji, michezo yao, vyakula vyao na adabu zao, nawe utatajirika. Ila usisahau kwamba jicho lililofumbwa hufumbuliwa ufikapo nyumbani, na lililotobolewa halirudi. Tena chagua unachokiiga. Waliokuwa ukutani hawakuwa Mombasa yote. Mombasa ilikuwa pia yule bibi mwuguzi, na walimu wa madrasa, na wavuvi, na vijana wa mpira. Mimi nilichukua kilicho kibaya kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na chepesi. Na ukiwa mwenyeji, mwite mgeni kwa jina lake. Jambo hilo halikugharimu kitu, nalo huweza kumwokoa mtu.

Mimi leo ni mwuguzi katika zahanati. Mdogo wangu hushona viatu vya ngozi, kazi ya watu wetu tangu zamani, naye hakuishika sigara tena. Mama ni mzee sasa. Kadi yake ya hospitali huisoma mwenyewe, akiivuta karibu na dirisha. Niliponunua bangili kwa mshahara wangu wa kwanza, aliivaa akanishukuru, lakini wote wawili tulijua kwamba siyo ile.

Mara kwa mara huingia zahanati kwetu mama mgeni na mtoto wake, na mtoto ndiye mkalimani. Hapo huweka kalamu chini. Humwomba mtoto angoje nje kwenye benchi, nami nikatafuta mtu mzima anayeijua lugha ya mama huyo, hata kama ni kwa simu, hata kama foleni ni ndefu na watu wananung'unika. Kisha huenda mwenyewe pale bencheni, nikakaa karibu na yule mtoto. Jambo la kwanza ninalomwuliza ni jina lake, na jinsi litamkwavyo nyumbani kwao.